Ushauri upi kabla ya MBA? Njia zinazochanganywa, zikipimwa kwa kiwanda kimoja cha mawese

Kijana aliyemaliza shahada ya kwanza na kurudi nyumbani Kigoma, akiwa na nia ya kusoma Shahada ya Uzamili ya Usimamizi wa Biashara, yaani MBA, katika shule ya nje yenye jina, huambiwa mapema na karibu kila mtu kwamba afanye kwanza kazi ya ushauri elekezi kwa miaka miwili au mitatu, ndipo aombe. Maneno hayo yana msingi, kwa kuwa shule hizo hutaka mtu aliyekwisha kufanya kazi, na washauri elekezi ni miongoni mwa makundi makubwa zaidi wanaopokelewa kila mwaka. Kinachokosekana ni maelezo ya kazi yenyewe. Anayejaza madodoso Kibondo kwa mkataba wa wiki tatu huitwa mshauri. Anayekagua vitabu vya benki jijini Dar es Salaam husema yuko kampuni ya ushauri. Mhandisi anayemsimamia mkandarasi wa reli ni mshauri. Na anayetoka Nairobi kwa ndege kuja kuzungumza na bodi ya wakurugenzi naye ni mshauri. Watu hawa hawalipwi na mfuko mmoja wala hawajibu swali moja, na siku watakapoketi kuandika insha za maombi ya shule kila mmoja atakuwa na jambo tofauti la kueleza.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu hapa. Jina la kampuni ni kipimo dhaifu cha njia ya kuchagua. Kipimo chenye nguvu zaidi ni umbali uliopo kati ya kazi unayoifanya kwa mikono yako na uamuzi unaofanywa kwa sababu ya kazi hiyo. Mtu aliye karibu na uamuzi, hata katika ofisi ndogo, hujifunza haraka na hupata cha kuthibitisha; aliye mbali nao, hata chini ya bango linalojulikana duniani kote, anaweza kumaliza miaka mitatu bila kuweza kusema ni kitu gani kilibadilika kwa sababu yeye alikuwepo.

Kiwanda kimoja, maswali tofauti

Ili njia hizi zitengane vizuri, tuchukue kiwanda kidogo cha kukamua mawese nje kidogo ya mji. Tarakimu zake ni za mfano, zimepangwa ziwe rahisi kufuatwa, lakini sura yake itatambuliwa na yeyote aliyekaa karibu na mashine ya mawese mkoani kwetu. Chikichi zikiwepo za kutosha, kiwanda hutoa madumu 60 ya lita 20 kwa wiki. Msimu wa chikichi nyingi huchukua wiki 20. Katika wiki 32 zinazobaki chikichi ni haba, na mashine hutoa madumu 20 tu. Wakati wa msimu dumu huuzwa shilingi 80,000, na chikichi, kuni, maji na vibarua wa kulikamua hugharimu 55,000. Nje ya msimu bei hupanda hadi 95,000, lakini chikichi nazo hupanda na gharama ya dumu ikafika 70,000. Kila wiki, mashine izunguke isizunguke, zinatoka shilingi 900,000 za mishahara ya kudumu, pango na rejesho la mkopo. Mwaka ukiisha kuna hasara, na mwenye kiwanda anaamini kwamba tatizo ni bei ndogo ya msimu.

Mshauri wa mikakati huanza kwa kutolikubali tatizo aliloletewa mpaka amelipima. Anaona kwamba kila dumu huacha shilingi 25,000, msimu na nje ya msimu, hivyo bei peke yake haielezi hasara. Wiki ya msimu huacha 1,500,000, zikitolewa zile 900,000 zinabaki 600,000, na kwa wiki 20 ni shilingi milioni 12. Wiki isiyo ya msimu huacha 500,000 tu, pengo likawa 400,000, na kwa wiki 32 ni milioni 12.8. Mwaka unafungwa kwa upungufu wa shilingi 800,000, na chanzo chake ni mashine inayolala kwa zaidi ya nusu ya mwaka huku mishahara na mkopo vikiendelea. Kisha anauliza jambo ambalo mwenye kiwanda hakuliuliza: itakuwaje madumu 15 ya kila wiki ya msimu yakihifadhiwa yauzwe bei ikifika 95,000? Hayo ni madumu 300, kila moja likiongeza 15,000, jumla milioni 4.5, na upungufu unageuka kuwa ziada ya milioni 3.7 kabla ya gharama za kuhifadhi.

Hapo wengi wangesimama, na hapo ndipo kazi inapoanza. Madumu 15 yakizuiliwa stoo, wiki ya msimu huuza madumu 45 tu, fedha zinazoingia ni milioni 3.6, ilhali zinazotoka ni milioni 4.2. Ziada ya 600,000 ya kila wiki imekuwa pengo la 600,000, na kufikia mwisho wa msimu kiwanda kinahitaji milioni 12 za kukiendesha ambazo hakina. Pendekezo la kuhifadhi mafuta bila kusema fedha hizo zitatoka wapi, kwa riba gani, na ni nani atabeba hasara bei isipopanda, halina thamani kwa mwenye kiwanda. Uwezo wa kulifuata tatizo hadi kwenye kikwazo chake cha kweli, na kukieleza kwa mtu ambaye hakusomea hesabu, ndiyo bidhaa inayouzwa na kampuni za mikakati.

Kampuni tatu zinazotajwa zaidi katika kundi hili ni McKinsey, iliyoanzishwa Chicago mwaka 1926, Boston Consulting Group ya mwaka 1963 na Bain ya mwaka 1973, zote mbili za mjini Boston. McKinsey na Boston Consulting Group zina ofisi Nairobi. Usaili wao huwa na sura ya mfano wa kiwanda chetu: msailiwa hupewa kisa cha biashara, karatasi na kalamu, bila kikokotoo, na kwa takribani nusu saa hufikiri kwa sauti mbele ya msaili. Anayeingia na shahada ya kwanza hushika nafasi ya uchambuzi. Baada ya miaka miwili au mitatu hupanda, huhamia kwingine au huenda kusoma, na kampuni hizi zina utamaduni wa kuwalipia ada baadhi ya wafanyakazi wao kwa sharti la kurudi kazini kwa kipindi maalumu, mara nyingi miaka miwili. Kwa mtazamo wa shule ya biashara, hii ni njia iliyonyooka kuliko zote.

Lakini mlango wake ni mwembamba mno kwa mhitimu wa Kitanzania asiye na jamaa wala mwalimu wa kumwelekeza, na ni vyema kulisema hili mapema ili mtu asidhani kukosa nafasi hiyo kumemfungia kila kitu. Wapo wengi katika kampuni hizi walioingia baada ya MBA, shule ikiwa ndiyo iliyowafungulia. Ikiwa lengo lako la mwisho ni ushauri wa mikakati, basi huna lazima ya kuwa umeufanya kabla ya kuomba. Aliyetoka McKinsey, akiomba Harvard, hushindanishwa na kundi kubwa la watu waliofanya kazi inayofanana na yake. Aliyetumia miaka mitatu kwenye mnyororo wa mawese, chumvi ya Uvinza au dagaa wa Ziwa Tanganyika hana wengi wa kufananishwa nao, mradi aweze kuonyesha kwamba alipima, aliamua na kitu kikabadilika.

Mtu wa kampuni ya ukaguzi akiingia kwenye kiwanda kilekile hataanza na hifadhi ya mafuta. Ataomba daftari. Atataka kujua kama ile 55,000 ni gharama yenye risiti au ni makadirio ya mwenye kiwanda, kama mise, yaani kokwa za chikichi zinazobaki baada ya kukamua, huuzwa na fedha zake huingizwa wapi, kama kodi imelipwa, na kama madumu yaliyoandikwa stoo yapo kweli. Akiwa ametumwa na mwekezaji anayetaka kununua sehemu ya kiwanda, atakadiria thamani yake na hatari zilizojificha. Kampuni nne kubwa za kazi hii, Deloitte, PwC, EY na KPMG, zote zina ofisi Dar es Salaam, na kwa maoni yangu huo ndio mlango mpana zaidi kwa kijana wa mkoani mwenye shahada ya uhasibu, uchumi au fedha, kwa sababu huajiri wahitimu wapya wengi kuliko kampuni za mikakati na njia ya kupanda inajulikana: mitihani ya vyeti vya uhasibu, ama CPA chini ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, au ACCA ambayo pamoja na mitihani hudai miezi 36 ya uzoefu wa kazi.

Hapa pia jina la kampuni huficha mengi. Baada ya kuanguka kwa Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, sheria ya Marekani ya mwaka 2002 ilizuia mkaguzi kumuuzia mteja anayemkagua huduma nyingi za ushauri, na mwaka huohuo PwC iliiuzia IBM kitengo chake cha ushauri. Baadaye kampuni hizi zilijenga upya vitengo vyao vya ushauri kwa kununua kampuni za mikakati: Deloitte ilichukua Monitor mwaka 2013, na mwaka 2014 PwC ilichukua Booz & Company na kuiita Strategy&, huku Parthenon ikijiunga na EY. Kwa hiyo watu wawili wenye kitambulisho cha kampuni moja wanaweza kuwa mmoja anahakiki salio la benki Mwanza na mwingine anaamua kama kampuni ya simu iingie nchi jirani. Anayeajiriwa Dar es Salaam kama mhitimu mpya, mara nyingi huanzia ukaguzi. Ukaguzi hufundisha kusoma hesabu kwa kina ambacho hakuna darasa litakupa, lakini kwa asili yake huhakiki maamuzi yaliyokwisha kufanywa na wengine, na mwaka wa tatu unaweza kufanana na wa kwanza. Kijana anayelenga shule ya biashara afanye mwaka mmoja na nusu au miwili ya ukaguzi kwa bidii, kisha aombe kwa maandishi kuhamia kitengo cha ushauri wa biashara, uthamini au miamala, hata kama atapoteza kidogo katika foleni ya kupanda cheo.

Njia inayopita mlangoni kwetu

Kwa Kigoma, njia iliyo karibu zaidi ni ushauri wa miradi ya maendeleo. Mkoa umekuwa na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu tangu mwaka 1996, na baadaye zilikuwepo pia Nduta na Mtendeli, hii ya mwisho ikafungwa mwaka 2021, una mpango wa pamoja wa Umoja wa Mataifa tangu mwaka 2017, una miradi ya misitu na afya kando ya ziwa, na una msukumo wa serikali wa kufufua zao la michikichi, ikiwemo mbegu bora za tenera zinazotoka kituo cha utafiti cha Kihinga. Kila mradi hutaka utafiti wa awali, ufuatiliaji na tathmini ya mwisho, na kila moja ya kazi hizo hutangazwa kwa hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi inayotakiwa, na kuhitaji watu wanaozungumza Kiswahili na Kiha na wanaoijua barabara ya kwenda Kakonko.

Mshauri wa aina hii, akiletwa kwenye kiwanda chetu, huulizwa swali lisilohusu faida ya kiwanda hata kidogo. Mfadhili aliyesaidia kununua mashine anataka kujua kama akina mama wanaoleta chikichi wana hali bora kuliko ambavyo wangekuwa bila mashine hiyo. Ni swali gumu kuliko linavyosikika, kwa sababu kipato kinaweza kupanda kutokana na bei ya soko, mvua nzuri, au ziwa kufungwa kwa uvuvi kama ilivyofanyika kati ya Mei na Agosti 2024, na sifa zote zikaenda kwa mashine. Mshauri mzuri huchagua kaya za kulinganisha, hupanga sampuli, huandika dodoso, hufunza wadodosaji, husafisha takwimu, huchambua, kisha huandika ripoti ambayo mfadhili ataitumia kuamua kuendelea au kusimama.

Ndani ya mlolongo huo kuna tofauti kubwa ya umbali na uamuzi, na vijana wetu wengi huwekwa sehemu iliyo mbali zaidi. Mdodosaji hupewa kishikwambi, hulipwa kwa siku, hutembea kaya hadi kaya, na takwimu zikishatumwa hasikii tena habari zake. Akifanya hivyo kwa miaka minne atakuwa na wasifu wenye miradi mingi na hakuna hata mmoja anaoweza kuuelezea mwisho wake. Siidharau kazi hiyo, kwani tathmini nzima husimama juu yake. Ninachosema ni kwamba haipaswi kuwa mahali pa kukaa.

Njia ya kusogea huanzia kwenye dodoso lenyewe. Chukua swali la kawaida: "Katika siku 30 zilizopita uliuza madumu mangapi ya mawese?" Mama anajibu kwamba hakuuza hata moja, mdodosaji anaandika sifuri na kuendelea, ilhali pembeni ya mlango kuna meza yenye chupa za nusu lita na za lita moja zilizojazwa mafuta mekundu, anazouza kila jioni kwa wapita njia, na wiki iliyopita alimpa mwenye duka chupa kumi kulipa deni la sukari. Mafuta yake hayajawahi kufika kwenye dumu, na malipo ya deni yeye hayaiti kuuza. Mdodosaji anayeliona hilo siku ya kwanza, akalieleza jioni kwa msimamizi wake na kupendekeza swali litanguliwe na kipimo anachotumia muuzaji mwenyewe pamoja na mafuta yaliyotolewa kulipa madeni, amesogea hatua kubwa kuelekea kwenye uamuzi, kwa sababu bila marekebisho hayo mradi mzima ungeweza kuhukumiwa kwa sifuri zisizo za kweli. Tukio kama hilo, likiandikwa kwa uaminifu pamoja na idadi ya kaya zilizohusika na kilichobadilika katika matokeo, lina uzito katika insha ya maombi kuliko orodha ndefu ya mashirika. Kutoka hapo omba kusimamia timu ya uwandani, kisha omba uandike sura moja ya uchambuzi hata bila malipo ya ziada, kisha uwe kwenye kikao cha kuwasilisha ripoti.

Njia hii ina hatari yake, na tumeiona karibuni. Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje mwanzoni mwa 2025, na shirika lake la misaada, USAID, kufunga shughuli zake Julai mwaka huo, mikataba mingi duniani ilikatika kwa wiki chache, na walioathirika kwanza walikuwa wa mikataba mifupi. Anayechagua njia hii asitegemee mfadhili mmoja, na ajifunze stadi inayohamishika: Excel kwa kiwango cha juu, programu za takwimu za Stata au R, na uandishi wa maandiko ya miradi.

Uhandisi mshauri nitaupitia kwa ufupi, kwa kuwa njia yake ina mantiki tofauti. Kwenye kiwanda chetu mhandisi mshauri angepima ni kiasi gani cha mafuta kinabaki kwenye makapi baada ya kukamua, na kama kubadilisha mashine kutalipa. Katika mkoa wetu kuna kazi kubwa kuliko hiyo, ikiwemo reli ya kisasa kati ya Tabora na Kigoma yenye kilomita 506, ambayo mkataba wa ujenzi ulisainiwa Desemba 2022. Kwa mhandisi kijana kipaumbele ni usajili wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ambao mafunzo yake ya vitendo huchukua miaka mitatu. Kuukatiza katikati ili kukimbilia MBA ni kupoteza pande zote mbili. Akishasajiliwa, na akiwa amesimamia mkandarasi na bajeti, anakuwa mwombaji mwenye nguvu.

Kuna pia wanaojitegemea hapa mjini, wanaowaandikia wafanyabiashara mchanganuo wa biashara kwa ajili ya mkopo wa benki, au kuvisaidia vikundi na viwanda vidogo wakishirikiana na ofisi kama SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo. Kazi hii hudharauliwa, nami nadhani hudharauliwa kimakosa. Anayeandika mchanganuo, mkopo ukatoka, kisha akarudi baada ya miezi sita kuona kama makadirio yake yalitimia, yuko karibu na uamuzi kuliko mchambuzi wa ngazi ya chini katika kampuni kubwa. Udhaifu wake ni ushahidi: hana bosi wa kumwandikia barua, hana hati ya mshahara, na wateja wake hawafahamiki. Anayeshika njia hii lazima aweke mikataba ya maandishi na kumbukumbu za matokeo tangu mteja wa kwanza.

Kabla ya kuomba, pima kama unaihitaji

Swali la kama MBA inahitajika huulizwa kwa kuchelewa, wakati mtu amekwisha kutumia fedha nyingi kwa mitihani. Katika kampuni ya ukaguzi, CPA inatosha kumfikisha mtu kwenye umeneja. Kwa anayependa tathmini na sera, shahada ya uzamili ya uchumi, sera za umma au afya ya jamii itamfaa zaidi. Katika zabuni za ushauri elekezi wasifu wa wataalamu wakuu hupewa alama, na hadidu nyingi za rejea hudai kiongozi wa timu awe na shahada ya uzamili na miaka kadhaa ya uzoefu. Kwa anayetaka kubaki katika soko hilo, uzamili wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mzumbe au Chuo Kikuu Huria, chenye kituo hapa Kigoma, unaweza kumtimizia sharti hilo kwa gharama ndogo sana na bila kuacha kazi. MBA ya nje ina maana zaidi kwa anayetaka kubadili kitu kikubwa, yaani nchi, sekta au aina ya kazi, na ambaye amekwisha kujua anabadili kutoka wapi kwenda wapi.

Gharama zenyewe si za kufumbia macho. Ada ya Harvard, ambako masomo ni ya miaka miwili, imezidi dola 70,000 kwa mwaka kabla ya malazi na chakula, ingawa karibu nusu ya wanafunzi hupata msaada unaotolewa kwa kuangalia uwezo wao wa kifedha. INSEAD ya Ufaransa na Singapore humaliza kwa miezi 10, jambo linalopunguza muda wa kukaa bila mshahara, lakini linabana muda wa kutafuta kazi mpya. Stanford ina ufadhili maalumu kwa raia wa nchi za Afrika wenye uhitaji, kwa sharti la kurudi kufanya kazi barani kwa angalau miaka miwili. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza hugharimia shahada za mwaka mmoja, huweka ukomo wa ada kwa anayesoma MBA, na humtaka mhitimu arudi kwao kwa miaka miwili. Kwa aliyesoma kwa mkopo wa serikali kuna jambo jingine: makato ya asilimia 15 ya mshahara kwa Bodi ya Mikopo huanza pale anapoajiriwa, hivyo makadirio ya akiba yafanywe juu ya kinachobaki.

Sharti la uzoefu la Chevening linawafaa watu wa mikataba mifupi kuliko wanavyodhani. Linahesabiwa kwa saa 2,800, na kazi za muda, za kujitolea na mafunzo kwa vitendo hukubaliwa, kwa hiyo mikataba ya wiki tatu tatu ya udodosaji inaweza kujumlishwa ikiwa ina tarehe na saa. Mkataba usiohifadhiwa ni saa zilizopotea. Shule za Marekani hazihesabu saa namna hiyo, lakini wengi wa wanaopokelewa huwa wamefanya kazi kwa miaka minne hadi mitano hivi, na kuomba mwaka wa pili kwa haraka ya umri mara nyingi humnyima mtu nafasi ya kuwa na jambo moja alilolisimamia hadi mwisho.

Kuhusu kalenda, shule nyingi za Marekani hupokea maombi ya awamu ya kwanza Septemba na ya pili Januari, na dirisha la Chevening mwaka 2025 lilifunguliwa Agosti na kufungwa Oktoba. Mtihani wa GMAT wa sasa, unaotumika kuombea shule za biashara, una sehemu tatu, huchukua saa 2 na dakika 15, hupimwa kati ya alama 205 na 805, na matokeo yake hudumu miaka mitano, hivyo ni busara kuufanya mapema wakati hesabu za chuo bado ziko kichwani, hata kama maombi yenyewe ni ya miaka miwili ijayo. Vyeti vya Kiingereza vya IELTS na TOEFL hudumu miaka miwili tu; hivyo visitangulie sana.

Kinachochelewesha watu zaidi katika mkoa wetu ni barua za wadhamini. Shule nyingi hutaka mbili, na hutaka ziandikwe na aliyekusimamia kazini, si mbunge wala askofu anayeifahamu familia. Katika kazi za miradi msimamizi hukaa mwaka mmoja na nusu, kisha huhamishiwa Juba au Cox's Bazar, na barua pepe yake ya ofisi hufungwa siku anayoondoka. Chukua anwani yake binafsi kabla mkataba haujaisha, mwandikie walau mara moja kwa mwaka ukimweleza unafanya nini, na miezi miwili kabla ya siku ya mwisho ya maombi mtumie ukurasa mmoja wenye tarehe, idadi ya watu uliowasimamia na uamuzi uliofanywa kutokana na kazi mliyoifanya pamoja, ili barua yake iwe na mambo ambayo mtu mwingine asingeweza kuyaandika.